Kaka yake Bibi alipotelea baharini wakati wa vita vya Hitla. Mtu asiye na kaburi tunamkumbukaje?

Mjukuu wa Mvumi:

Mbukwenyi wanajamvi. Wakubwa zangu shikamooni.

Naandika nikiwa Dodoma. Nina jambo la ukoo limenikaa kifuani tangu tumzike Bibi mwaka 1998. Katika watoto wake amebaki Shangazi peke yake, naye umri umekwenda. Nataka jambo hili liishe yeye angali anaona na kusikia.

Bibi alikuwa na kaka mmoja tu wa tumbo moja. Alisoma madarasa machache kwa wamisionari pale Mvumi, akachunga ng'ombe wa baba yake, kisha vita vikamchukua. Bibi alikuwa binti mdogo. Alimsindikiza kwa miguu mpaka stesheni ya Dodoma, wakalala njiani, na mpaka anazeeka alikuwa akitusimulia jinsi kaka yake alivyombeba mgongoni walipovuka mchanga wa korongo kwa sababu ulikuwa unaunguza. Treni ikaondoka. Hakumwona tena.

Taarifa ililetwa na tarishi wa bomani, kwa maneno mawili: amefia baharini. Hakuna mwili, hakuna nguo, hakuna siku wala mwezi. Sisi wajukuu tumekua tukimwita Babu Baharia. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndilo jina lake alilobatizwa.

Alichoacha ni vitu vitatu. Zeze lake, ambalo nyuzi zilishakatika zamani. Picha moja ya studio, imeliwa na mchwa pembeni. Na barua moja ya Kiswahili, mwandiko wake mwenyewe, ameandika kwa penseli. Humo anasalimia kila mtu, anauliza ng'ombe mmoja kwa rangi yake kama amezaa, halafu anasema: hapa nilipo maji ni mengi kuliko ardhi, lakini hata ng'ombe hawezi kuyanywa.

Maneno hayo Bibi hakuyaelewa mpaka anakufa. Kwa Mgogo maji ni maji. Unachimba kwenye mchanga wa mto kiangazi chote kuyatafuta, ukiyapata unamshukuru Mungu. Maji mengi asiyoyanywa ng'ombe ni maji gani?

Bibi hakuwahi kusema kaka yake amekufa. Alisema "hajarudi". Operesheni Vijiji ilipokuja, tembe la zamani likabomolewa, vitu vingi vilipakiwa kwenye lori, lakini zeze alilibeba mwenyewe kichwani. Na kuna neno moja alilirudia sana. Mnajua wazee wanasema jina la mji wetu limetoka kwenye *idodomya*, imezama, kwa sababu ya tembo aliyedidimia kwenye tope. Bibi alikuwa akisema: tembo yule watu walimwona akididimia. Kaka yangu nani alimwona?

Swali hilo ndilo lililonileta hapa. Kuna mahali majina ya mabaharia waliopotea vitani yameandikwa? Na ninyi wa pwani, ambao bahari mnaishi nayo, mtu akichukuliwa na maji asipatikane mnafanyaje? Mchungaji wetu amekubali kufanya ibada, ila anauliza tarehe, na mimi tarehe sina.

Jina lake naliweka akiba. Ni la ukoo, na wengine bado wapo.

Mvuvi wa Pangani:

Pole sana ndugu yangu, pole na Shangazi.

Mimi nimezaliwa pwani na nimezika jamaa wawili bila kuwaona. Wa kwanza ni amu yangu, chombo kilipinduka kwenye kusi kali, walirudi watatu, yeye hakurudi. Kwetu tunasubiri. Watu wanatembea ufukweni asubuhi na jioni kutazama kama bahari imemrudisha. Tukishakata tamaa anaswaliwa sala ya ghaibu, yaani anaswaliwa ingawa jeneza halipo mbele ya watu. Baada ya hapo kinafuata kisomo, watu wanakula, na mjane anaingia eda. Nataka nikuambie hili la mwisho lina maana kubwa: siku ile ndipo mke anaruhusiwa kulia kama mjane. Kabla ya hapo analia kama mtu aliyechelewewa na mumewe.

Dini yetu inamhesabu aliyekufa maji kuwa shahidi. Najua ninyi ni wa kanisani, lakini mwambie Shangazi hivyo hivyo, kwamba kuna watu huku wanaoamini mtu wa namna yake ana daraja.

Bibi yako hakupata siku yake. Aliishi miaka yote ile akiwa dada aliyechelewewa. Ifanyeni hiyo ibada hata kama tarehe haitapatikana.

Mpekuzi wa Nyaraka:

Mjukuu wa Mvumi, kabla ya kukuelekeza popote naomba vitu viwili.

Kwanza, itazame ile picha vizuri. Kofia aliyovaa ikoje? Baharia wa manowari enzi zile alivaa kofia ya mviringo isiyo na ukingo, ina utepe kuizunguka. Askari wa nchi kavu wa Afrika Mashariki mara nyingi alivaa kofia pana ya ukingo, upande mmoja umekunjwa juu. Pili, barua ina tarehe au jina la mji?

Nauliza kwa sababu vijana wachache sana wa bara waliingizwa kwenye jeshi la majini. Wanamaji walikuwepo, tena wa kwetu: Kenya, Tanganyika na Zanzibar kila moja ilikuwa na kikosi kidogo cha wanamaji wa kujitolea, wakilinda bandari na kusafisha mabomu yaliyotegwa majini. Baada ya vita vikaunganishwa kuwa jeshi moja la majini la Afrika Mashariki, likavunjwa mwaka 1962. Lakini waliochukuliwa hao walikuwa zaidi watu wa pwani, wanaojua maji. Mchunga ng'ombe wa Ugogo angepelekwa Keya (KAR, askari wa miguu wa kikoloni), au kwenye mizinga, au kikosi cha kazi.

Nafsi Huru:

Nauliza bila ubaya. Vita ile ilikuwa ya wakoloni wenyewe kwa wenyewe. Kwa nini tuwatafutie heshima watu waliokufa wakimtumikia Mfalme wa Uingereza? Mashujaa wetu tunawakumbuka tarehe 25 Julai, hao wanatosha.

Mjukuu wa Mvumi:

Nafsi Huru, sijaja kumsifu Mfalme George. Namuulizia mtoto wa watu aliyetoka Mvumi akiwa na zeze. Hatukumchagulia vita. Kama yeye mwenyewe alikwenda kwa hiari au jumbe alimtaja ili atimize idadi, Bibi hakujua, na mimi siwezi kumhukumu. Ninachojua ni kwamba waliomchukua walikuwa na karani wa kuandika jina lake alipopanda treni, basi na alipokufa liandikwe mahali ambapo dada yake angeliona.

Mvuvi wa Pangani, nimemsomea Shangazi maneno yako yote. Lile la dada aliyechelewewa akaniambia nilirudie, nikalirudia. Anakushukuru sana, na mimi pia.

Mpekuzi, nimekwenda Mvumi leo kwa bodaboda kuitazama picha. Ukingo ni mpana na upande wa kushoto umekunjwa juu. Utepe hakuna. Barua imeandikwa Mombasa, Januari 1944. Mwishoni anasema wanangoja kupanda meli, na kwamba wao ni "watu wa mizinga". Hayo maneno nimeyasoma tangu utotoni, ila nilidhani anasema mizinga ya nyuki. Kwetu mizinga ni ya asali.

Mpekuzi wa Nyaraka:

Basi kaa chini kwanza ndugu yangu.

Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari uliondoka Mombasa kwenda Colombo, kisiwa cha Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya sasa. Meli moja iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake kulikuwa na watu zaidi ya 1,500, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi kimoja: Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Waafrika wa kwetu na maofisa wao Wazungu. Wengine walikuwa wanamaji wa Uingereza zaidi ya 200, wauguzi, na wanawake wa jeshi. Askari hao walikuwa wanakwenda kuungana na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyopigana Burma baadaye mwaka huo huo.

Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, wakiwa karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani, I-27, iliwafyatulia topido. Mbili zikaipiga Khedive Ismail. Meli ilizama kwa dakika kama mbili tu. Wengi walikuwa chini, ndani ya meli, na kwa dakika mbili mtu hawezi hata kupanda ngazi. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni 214, sita kati yao wanawake.

Kuna sehemu nyingine. Nimefikiri sana kama niiandike, lakini wewe umeomba kujua. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, ziligeuka kuiwinda nyambizi. Nyambizi ilikuwa imejificha chini, pale pale juu yake walipokuwa wanaelea watu waliosalimika. Ikiachwa, ingezipiga meli nyingine zenye maelfu ya watu. Mabomu ya kulipuka chini ya maji yakashushwa wakati watu bado wako majini. Nyambizi ikalazimika kuibuka, ikazamishwa siku hiyo hiyo. Katika watu wake aliokoka mmoja.

Sikuambii kwamba Babu yako alikuwemo. Nakuambia kwamba mtu wa mizinga aliyekuwa Mombasa Januari 1944 akingoja meli, kisha akafia baharini, ana sababu kubwa ya kuwa kwenye meli hiyo.

Majina yapo. Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, kuna Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, na waliozama na Khedive Ismail wameandikwa hapo kwa sababu hawana kaburi jingine. Wanamaji Waingereza wao waliwekewa minara kwenye bandari zao za nyumbani: Portsmouth, Plymouth, Chatham. Orodha unaweza kuitafuta bure kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ushauri wangu: usianze na jina. Anza na tarehe ya kifo, 12 Februari 1944, kisha chagua mnara wa Nairobi, halafu yasome majina yote taratibu kwa sauti. Makarani wa jeshi waliandika walivyosikia. L inakuwa R, jina la baba linakuwa la ukoo, herufi ya mwisho inapotea. Jicho litakudanganya, sikio litalitambua.

Binti wa Reli:

Nasoma uzi huu nikiwa Kigoma na machozi yananilenga. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo niongeze dogo tu. Watu wanaposema Dodoma haina historia ya maji huwa nasikitika. Meli yetu Liemba, ambayo Wajerumani waliiita Graf von Götzen, ilitoka Ujerumani ikiwa vipande ndani ya maelfu ya masanduku, na vilipita hapo hapo Dodoma kwa reli ya kati kuja huku ziwani. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 walipoona wanashindwa, Waingereza wakaiibua 1924. Meli ikizama inaweza kuibuliwa. Mungu awape nguvu, ndugu zangu, kwa wale wasioweza kuibuliwa.

Mzee wa Mpwapwa:

Mjukuu wangu, nimesoma na miwani yangu na mjukuu mwingine akinisaidia.

Bibi yako si peke yake. Vita ya Mjerumani, ya kwanza, ilitula sisi Wagogo vibaya. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua ikakataa, ikaja Mtunya. Wazazi wetu walihesabu miaka kwa njaa hiyo. Kwa hiyo vita vya Hitla vilipokuja, wazazi waliokuwa na kumbukumbu ya Mtunya waliona vijana wanapanda treni na hawakupiga vigelegele. Nilikuwa mtoto, namkumbuka mama yangu akimfunga kaka yake uwele mkononi kwenye kitambaa, asije akalala njaa huko aendako.

Mwambie Shangazi yako jambo moja kutoka kwangu. Asiondoe jina la Baharia. Mtu aliyekaa baharini miaka yote hii ni baharia.

Mjukuu wa Mvumi:

Wanajamvi, samahani kwa ukimya wa miezi. Narudi kuwapa mrejesho, maana bila ninyi tusingefika.

Nilifanya kama Mpekuzi alivyosema. Nilikaa na Shangazi uani, simu mkononi, nikamsomea majina. Inachosha. Unasoma, unasoma, na kila jina unajua ni la nyumba fulani, Ukamba, Unyamwezi, Uganda, Ugogo, na nyumba nyingi kati ya hizo huenda hazijui kama limeandikwa. Shangazi aliniambia nisiruke hata moja. Simu iliisha chaji mara mbili. Siku ya pili jioni nikasoma jina moja, nikaendelea na linalofuata, akanishika mkono. Limeandikwa vibaya. Jina la kwanza ni la ubatizo, la pili ni la baba yake Bibi, isipokuwa L zote mbili wameziandika R. Mimi nililipita. Yeye alilisikia.

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza: Jumamosi? Nikamjibu ndiyo, Jumamosi mchana. Akasema mchana wa Jumamosi mama yake alikuwa anatwanga kila wiki, maisha yake yote, basi na siku ile alikuwa anatwanga.

Sehemu ya mabomu kushushwa majini sijamwambia. Nimejadiliana na mdogo wangu, tumekubaliana hivyo. Anajua kwamba meli ilizama kwa dakika mbili. Kwa umri wake naona inatosha, na kama nimekosea nitalibeba mwenyewe.

Ibada tulifanya tarehe 12 Februari. Mchungaji alilisoma jina lake kwa matamshi yetu, si ya karani. Kijana mmoja fundi alilitia zeze nyuzi mpya. Halikupigwa wimbo wowote mrefu. Alilijaribu tu, sauti ikatoka, watu wazima wakainamisha vichwa.

Baada ya ibada Shangazi akasema anataka kuiona bahari. Maji makubwa aliyowahi kuyaona maishani ni bwawa la Mtera. Tulimpitisha kwanza stesheni ya zamani ya Dodoma, alitaka kusimama pale mama yake aliposimama, ndipo tukaenda kupanda treni ya mwendokasi. Dar tulipita kwenye sanamu ya Askari pale Samora. Nikamsomea maandishi, kwamba hata askari akifa watoto wake watalikumbuka jina lake. Akaizunguka sanamu yote kwa fimbo yake akitafuta majina. Hakuna hata moja. Nikamweleza kwamba ile ni ya vita vya kabla, ya mwaka 1927. Akasema: na hao nao wana dada zao.

Tukavuka kwa pantoni mpaka Kigamboni. Tukatembea hadi ufukweni, mimi upande mmoja na mdogo wangu upande mwingine. Alisimama mbali kidogo kwanza, anaangalia tu. Aliniuliza ng'ambo ni wapi, nikamwambia ukienda moja kwa moja, mbali sana, kuna visiwa, na huko ndiko aliko. Akavua kandambili. Akaingia mpaka maji yakamfika kifundoni, akainama, akachota kwa kiganja, akayaonja.

Akayatema, akafuta mdomo kwa upande wa khanga.

"Kweli," akasema. "Hata ng'ombe."